Moyo Unapodunda Ovyo, Uliza Kwanza Hali ya Vali

Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, chini ya kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Yakija mawili ya haraka, la tatu likachelewa, la nne likawa hafifu hata usilihisi, huenda vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma damu. Huo ndio mpapatiko wa atria, na kipimo cha ECG ndicho huuthibitisha. Wengine huwajia kwa saa chache, ukatoweka, kisha ukarudi baada ya wiki.

Hatari kubwa si kule kudunda. Damu iliyotuama moyoni huganda, na bonge likichomoka hupanda hadi ubongoni na kuleta kiharusi. Mpapatiko huongeza hatari hiyo takriban mara tano. Kwa hiyo matibabu yana kazi mbili. Ya kwanza ni kutuliza moyo kwa dawa kama atenololi, digoksini au amiodaroni, ambayo huweza kudhuru tezi ya shingo na mapafu. Ya pili ni kuzuia damu isigande, na hii huendelea hata siku ambazo moyo umetulia. Anayeacha vidonge kwa sababu hasikii tena kudunda hujiweka hatarini.

Ulaya, wagonjwa wengi ni wazee wenye shinikizo la damu. Kwetu Kenya wapo pia vijana na kina mama ambao vali zao za moyo ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, itokanayo na maambukizi ya koo ya utotoni yasiyotibiwa kwa penisilini. Wagonjwa wa aina hii zaidi ya 4,500, wengi wao wanawake, walichunguzwa katika nchi 24 kwenye utafiti wa INVICTUS. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2022 yaliwashangaza wengi: waliotumia warfarini, dawa kongwe na ya bei nafuu, walikufa wachache kuliko waliopewa rivaroksabani, dawa mpya.

Lakini warfarini ina masharti. Lazima damu ipimwe mara kwa mara ili INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, ibaki kati ya 2 na 3. Ikishuka damu huganda, ikipanda mgonjwa huvuja damu. Kwa anayeishi kisiwa cha Mfangano, katika Ziwa Viktoria, kipimo hicho huweza kumaanisha kuvuka ziwa kwa boti. Mboga nazo zina neno: osuga, dek na sukuma wiki zina vitamini K, inayopunguza nguvu ya warfarini. Hakuna haja ya kuziacha. Kula kiasi kilekile kila wiki, usikae mwezi mzima kwa omena pekee kisha ukafululiza mboga.

Homa Bay na Migori ni miongoni mwa kaunti zenye maambukizi mengi ya virusi vya ukimwi nchini Kenya, kwa hiyo dawa nyingine huwa tayari mezani. Septrin hupandisha INR, nayo rifampisini ya kifua kikuu huishusha. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni za dukani huongeza hatari ya kuvuja damu.

Kwa wasio na kasoro kubwa ya vali, dawa mpya kama apiksabani hazihitaji INR, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Hata hivyo, rifampisini huzidhoofisha pia, na bei ya dawa hizo mpya bado huwalemea wengi. Mwanamke anayetaka kushika mimba azungumze na daktari mapema, kwa kuwa warfarini huweza kumdhuru mtoto tumboni.

Basi ukifika hospitali ya rufaa, Migori au Homa Bay, beba vidonge vyako vyote, vikiwemo vya kliniki nyingine, na uulize mambo mawili: vali zangu zikoje, na dawa hii inapatana na hizi? Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au ulimi ukiwa mzito, huenda ni kiharusi; usingoje kesho. Kimbilia hospitali saa hiyohiyo.