Hela ya Jasho na Hela ya Haki

Ukitaka kujua mwanamuziki wa Arusha anaishi kwa nini hasa, mtazame mwezi wa Aprili. Masika imekolea, watalii wamepungua, na baadhi ya hoteli na kambi zimefunga kwa ukarabati. Harusi za kanisani zilisimama Kwaresima ilipoanza, na miaka hii ya karibuni Ramadhani nayo imeangukia karibu na siku hizo hizo. Mpiga gitaa ambaye mwezi Agosti alikuwa hakosi kazi wikiendi, sasa anashinda nyumbani Levolosi, na mwenye nyumba anataka kodi yake kama kawaida.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanamuziki kupanga mahesabu na kusoma mikataba kabla hawajatia saini. Ninachokiona ni kwamba wengi wao wana vyanzo vingi vya mapato, ila vyote ni vya aina moja. Anapiga hotelini, anapiga harusini, anafundisha kinanda, anamsindikiza msanii mkubwa akija mjini. Vyote hivyo ni hela ya jasho: unalipwa kwa kuwa ulikuwepo. Siku unayougua, vyote vinakauka kwa pamoja. Aina ya pili ni hela ya haki, inayokuja kwa sababu wimbo ni mali yako, uwe macho au umelala. Hiyo ndiyo inayotupotea hapa mjini, na tunaipoteza siku ile ile ya kurekodi.

Tuanze na jasho, maana ndilo linalolisha watu leo. Tuseme bendi ya watu watano imekubaliana na hoteli moja shilingi 400,000 kwa usiku. Kukodi vyombo ni 120,000. Gari la kubeba vyombo na watu, 50,000. Aliyeleta kazi anachukua asilimia 10 yake, 40,000. Zinabaki 190,000, kila mmoja 38,000, na humo bado hajanunua nyuzi wala hajalipa bodaboda ya kurudi saa nane za usiku. Bendi ile ile ikimiliki vyombo vyake, kila mtu anaondoka na 62,000. Ndiyo maana nikiulizwa fedha ya kwanza ya ziada iende wapi, kwenye video au kwenye spika, nasema spika. Video nzuri inatangaza jina, lakini spika zinaongeza malipo ya kila kazi, na usiku ambao hamna kazi mnaweza kuzikodisha.

Harusi zina utaratibu wake. Bajeti iko mikononi mwa kamati, na siku hizi MC na DJ wamechukua nafasi kubwa iliyokuwa ya bendi. Waliobaki imara ni wapiga matarumbeta, wale wanaopanda nyuma ya pikapu na kuzunguka mji na maharusi. Nawaheshimu sana kwa nidhamu ya malipo: kianzio kinapokelewa siku ya kuafikiana na salio kabla gari halijawashwa. Anayetunzwa ukumbini asiihesabu hela ile kuwa mshahara. Ni baraka, na baraka haina tarehe.

Kwaya ni habari nyingine. Arusha ni mji wa kwaya, na albamu nyingi huuzwa mlangoni mwa kanisa baada ya ibada. Mara nyingi fedha huingia kwenye akaunti ya kwaya, nayo hununua kinanda, sare, hata gari. Hilo ni jema. Lakini mwalimu aliyetunga nyimbo zote kumi bado ni mtunzi mbele ya sheria, na kwaya chache sana zimekaa naye kuliandika hilo.

Sasa haki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, inatambua kwamba wimbo mmoja uliorekodiwa unabeba mali zaidi ya moja. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wake. Kuna rekodi yenyewe, sauti iliyonaswa studio. Na kuna haki ya waliotumbuiza ndani yake. Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote, au zikawa za watu sita. Redio ikipiga wimbo, hoteli ikiuwasha kwenye spika za mgahawa, kampuni ikiuweka kwenye tangazo la soda, kila tendo linagusa mali hizo, na kila mali ina mwenyewe.

Hapo awali mirabaha ya redio, televisheni na kumbi ilikusanywa kupitia COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini. Januari 2022 ofisi hiyo iligawa shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Piga hesabu: hata zingegawanywa sawa kwa sawa, hakuna ambaye angefikisha 312,000. Ni kidogo, na nawaelewa wanaonung'unika. Ila hela hiyo hufuata majina: wimbo ambao haujasajiliwa, au umesajiliwa kwa jina la prodyuza peke yake, hauna njia ya kumfikishia hela aliyeuimba.

Mtandaoni mambo ni hayo hayo. Spotify ilifungua milango Tanzania Februari 2021. Hailipi bei maalumu kwa kila mara wimbo unapochezwa. Inakusanya mapato ya ada na matangazo, inatenga fungu la wenye haki, kisha inaligawa kulingana na ukubwa wa usikilizwaji wa kila mmoja. Msikilizaji wa Oslo analipa ada kubwa kuliko wa Sakina hapa Arusha, kwa hiyo masikio yake yanaleta zaidi. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 kwa miezi 12 haulipwi chochote kwa upande wa rekodi. Kwa YouTube, kugawiwa mapato kamili ya matangazo kunataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka, au video fupi zilizotazamwa mara mamilioni. Miito ya simu nayo hulipa, baada ya kampuni ya simu na wakala wa katikati kukata chao.

Mgawanyo huu wa jasho na haki una historia. NUTA Jazz ilipoanzishwa 1964, wanamuziki wake walikuwa waajiriwa wa chama cha wafanyakazi, na bendi nyingi za umma zikafuata njia hiyo. Mshahara wa kila mwezi ulikuwa neema kubwa, na Aprili haikuwatisha. Lakini nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania, na nchi haikuwa na kiwanda cha kuchapa sahani za santuri. Aliyetaka santuri alitazama Nairobi. Ndugu Wilson na George Peter Kinyonga walitoka Tanga, wakapiga hapa Arusha wakiwa na Arusha Jazz, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakavuka mpaka, na bendi yao ikaja kujulikana kwa jina la Simba Wanyika. Nahesabu safari ile kuwa uamuzi wa kiuchumi: walikwenda kulikokuwa na santuri za kuuza. Miongo mitatu baadaye X Plastaz, machalii wa Arusha walioanza 1996, walitoa albamu yao ya Maasai Hip Hop mwaka 2004 kupitia Out Here Records ya Ujerumani. Soko lilikuwa limebadilika, njia ilikuwa bado ya kwenda nje.

Leo mpaka huo hauzuii wimbo. Kinachozuia ni karatasi. Chukua kikao cha kawaida cha studio: prodyuza ana biti, vijana wawili wameandika mistari, dada mmoja amekuja kuimba kiitikio na amebadilisha melodi yake palepale. Wanacheka, wanapiga picha, wanaachana saa sita usiku. Hakuna aliyesema nani ana asilimia ngapi. Wimbo ukilala, hakuna ugomvi. Ukipanda, kila mmoja anakumbuka kikao kwa namna yake, na dada wa kiitikio ndiye anayeambiwa alipewa nauli.

Nauli si malipo ya utunzi. Sheria inataka haki ikihamishwa iwe kwa maandishi. Kwa hiyo kabla ya kuzima kompyuta, liandikwe jina la wimbo, tarehe, majina kamili ya wote kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, asilimia za utunzi zikijumlika 100, asilimia za rekodi nazo zikijumlika 100, kisha saini. Kila mtu aipige picha kwa simu yake. Anayetaka kuuza fungu lake auze, lakini aandike bei na aandike kwamba ameuza. Prodyuza naye analindwa: biti yake ni utunzi, na wapo wengi waliolipwa mara moja kwa kazi ambayo bado inapigwa redioni.

Nalisisitiza hili kwa sababu ya muda. Haki ya mtunzi inaishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kwa kazi ya pamoja hesabu huanza anapofariki mtunzi wa mwisho. Binti wa mwimbaji wa kiitikio anaweza kufika uzeeni wimbo wa mama yake ukiwa bado una haki, na kitakachomtambulisha ofisini kuwa mrithi wa fungu hilo ni ule ukurasa mmoja.