Ukavu ukeni baada ya kukoma hedhi: je, unaweza kutumia jeli isiyo na homoni kwa miaka?

Mama mmoja alikuja kliniki kwa ajili ya presha. Nilipomaliza kumpima hakuinuka. Alisubiri wenzake watoke, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Nesi, kule chini pamekauka. Mume wangu anadhani simpendi tena."

Kama na wewe umewahi kukaa na jambo hili moyoni, fahamu kwamba hujalogwa, hujachuja, na mapenzi yako kwa mwenzi wako hayajaisha. Ni mabadiliko ya mwili, na yana msaada.

Kwa nini uke unakauka?

Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya miaka 45 na 55. Tunasema hedhi imekoma pale unapokaa miezi 12 mfululizo bila kuona siku zako. Wakati huo homoni ya estrojeni hupungua sana. Homoni hii ndiyo huufanya ukuta wa uke uwe mnene, laini na wenye unyevu. Ikipungua, ukuta huwa mwembamba, unyevu hupungua na hali ya asidi inayozuia vijidudu hupungua pia.

Dalili zake ni ukavu, muwasho, kuhisi kuungua, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kwa wengine kwenda haja ndogo mara kwa mara au kupata UTI inayojirudia. Joto la ghafla mwilini kwa kawaida hupungua baada ya miaka kadhaa. Ukavu ukeni ni tofauti: usipotibiwa, mara nyingi hubaki au huongezeka. Ndiyo maana matumizi ya muda mrefu ni jambo muhimu kulielewa.

Jeli ya unyevu na kilainishi ni vitu viwili

Kilainishi hupakwa wakati wa tendo la ndoa ili kupunguza msuguano, na kazi yake huishia hapo. Jeli ya kuongeza unyevu ukeni hutumika kwa ratiba, hata kama huna mwenzi. Hushika kwenye ukuta wa uke na kuushikiza maji kwa siku kadhaa. Baadhi hutengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki. Unaweza kutumia vyote viwili.

Jinsi ya kutumia

• Weka kila baada ya siku 2 hadi 3, au kama maelezo ya pakiti yanavyosema.
• Nawa mikono. Weka usiku unapokwenda kulala, ukitumia kibomba kidogo kinachokuja na dawa, ili isivuje ukiwa unatembea.
• Asubuhi unaweza kuona ute kidogo kwenye chupi. Hilo ni kawaida.
• Jipe muda. Tumia bila kuruka kwa wiki kadhaa hadi miezi 3 kabla ya kusema haikufai.

Naweza kuitumia kwa muda gani?

Kwa muda wote unaoihitaji, hata miaka. Haina homoni na haiufanyi mwili uizoee. Ukiacha, ukavu unaweza kurudi, kwa sababu estrojeni bado iko chini. Ni kama mafuta ya ngozi wakati wa kiangazi: ukiacha kupaka, ngozi inakauka tena. Kwa kuwa haina homoni, kwa kawaida ndiyo tunayoanza nayo hata kwa mama aliyewahi kuugua saratani ya matiti.

Lakini fahamu kikomo chake: inaleta unyevu, hairudishi unene wa ukuta wa uke. Kama miezi 3 imepita na bado unaumia, ongea na daktari. Zipo dawa za estrojeni za kuweka ukeni, za kiwango kidogo. Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, lazima daktari wako wa saratani ahusishwe kwanza.

Uchague ipi?

Soma pakiti. Chagua isiyo na manukato, rangi wala kitu cha kuleta joto. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba vilainishi vya ukeni viwe na pH ya karibu 4.5 na osmolaliti isiyozidi 1,200. Vyenye gliserini nyingi vinaweza kuvuta maji kutoka kwenye ukuta wa uke na kukuchoma zaidi. Ikichoma kila unapoweka, acha na ujaribu ya aina nyingine.

Usiweke ukeni sabuni, dawa ya kuua vijidudu, shabu, losheni wala mafuta ya mgando. Osha nje tu, kwa maji. Kama mnatumia kondomu za mpira, kumbukeni kwamba mafuta yoyote, hata ya nazi, huzidhoofisha na zinaweza kupasuka.

Nenda kituo cha afya mapema ukiona haya

• Damu yoyote, hata tone, baada ya hedhi kukoma. Usiseme "ni ukavu tu". Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi au ya mfuko wa uzazi, na ikigunduliwa mapema hutibika vizuri zaidi.
• Uchafu wenye harufu mbaya, kidonda au uvimbe.
• Maumivu ya nyonga yasiyoisha.

Usikwepe kupimwa saratani ya mlango wa kizazi kwa kuogopa maumivu. Mwambie nesi kabla hajaanza kwamba una ukavu. Atatumia kifaa kidogo, atakilainisha, na ataenda taratibu.

Na wewe unayemtunza mama au bibi: akijikuna, akikataa kuoshwa au akilalamika kuungua anapokojoa, usimkaripie. Muulize kwa upole mkiwa wawili tu. Huenda amevumilia kwa miaka kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Yule mama alirudi baada ya miezi miwili, safari hii na mumewe. Tulikaa watatu tukaongea. Kama huna maneno ya kuanzia, mwambie nesi hivi: "Nina ukavu ukeni." Hayo yanatosha, tutaendelea kutoka hapo.