Homa Imepoa, Lakini Damu Bado Yaweza Kuganda

Mama anapomenya muhogo, kisu kikateleza na kumkata kidole, damu hutoka. Hukibana kidole hicho kidogo, na baada ya dakika chache damu hukoma yenyewe, kwa sababu imeganda. Kuganda huko ni neema kubwa, kwani bila ya hiyo hata jeraha dogo lingeweza kutuua. Lakini damu hiyo hiyo ikiganda ndani ya mshipa unaokwenda kwenye ubongo, neema hugeuka kuwa msiba. Mtu huamka asubuhi mdomo umekwenda upande, mkono hauinuki, na maneno hayatamkiki. Hicho ndicho kiharusi.

Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba kiharusi ni ugonjwa wa wazee wenye shinikizo la juu la damu. Ni kweli kwamba shinikizo hilo ndilo linaloongoza kwa kuleta kiharusi. Hata hivyo, uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba maambukizi ya virusi, kama vile vya mafua, tetekuwanga, korona na UKIMWI, nayo huweza kuifanya damu iwe nyepesi kuganda. Ndiyo maana pengine kiharusi humpata kijana, au hata mtoto mdogo, aliyekuwa na homa majuma machache yaliyopita, homa ambayo kila mtu nyumbani ameshaisahau.

VITA NDANI YA MISHIPA

Mshipa wenye afya una utando laini kwa ndani, na damu hupita humo bila ya kukwama. Virusi vinapoingia, mwili hupigana navyo, na katika mapigano hayo utando huo huweza kuvimba na kudhurika. Hapo chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hukusanyika na kushikamana kana kwamba pana kidonda. Wakati huo huo ini huongeza baadhi ya protini zinazoigandisha damu. Mgonjwa naye jasho linamtoka na maji hayanyweki, hivyo mwili hupungukiwa na maji. Mambo haya yakikutana, bonge la damu huweza kufanyika. Likiuziba mshipa wa ubongo, sehemu iliyokosa damu huanza kufa katika muda wa dakika tu.

Virusi vya tetekuwanga vina njia yao nyingine tena. Mtoto akipona, virusi hivyo havitoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya neva kwa miaka mingi. Vikiamka baadaye, huleta ule upele wenye maumivu makali uitwao mkanda wa jeshi. Tena vyaweza kufuata neva mpaka kwenye kuta za mishipa ya ubongo, zikavimba, na njia ya damu ikawa nyembamba.

YALIYOONEKANA

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walieleza kwamba katika siku 3 za kwanza baada ya mtu kuugua maambukizi ya njia ya hewa, hatari ya kupata kiharusi ilikuwa kiasi cha mara 3 kuliko siku zake za kawaida, kisha ikapungua polepole. Mwaka 2014 ikaonekana nchini humo kwamba kwa watoto, hatari hiyo ilikuwa takriban mara 4 katika miezi 6 ya kwanza baada ya tetekuwanga. Mwaka 2020, korona ilipoingia New York, madaktari wa mtandao mmoja wa hospitali walipokea katika majuma mawili wagonjwa 5 wa kiharusi waliokuwa na umri chini ya miaka 50, wote wakiwa na virusi hivyo.

Karibu nasi zaidi, uchunguzi uliofanywa Blantyre, Malawi, na kuchapishwa mwaka 2016, ulionyesha kwamba shinikizo la damu ndilo lililotangulia miongoni mwa visababishi vya kiharusi kwa watu wazima. Lakini kwa wale wasiozidi miaka 45, virusi vya UKIMWI ndivyo vilivyotangulia.

Habari hizi zisitutie hofu kupita kiasi. Watu wengi mno huugua mafua, na watoto wengi mno huugua tetekuwanga, wakapona bila ya madhara. Kwa mtoto hasa, kiharusi ni jambo la nadra. Lakini nadra si kusema halitokei, na nyumba isiyolijua hupoteza saa zenye thamani.

SAA ZINAZOPOTEA

Tuchukue mfano wa mtoto aliyepona tetekuwanga miezi miwili iliyopita. Asubuhi moja kikombe kinamponyoka, na mguu mmoja anauburuta. Bibi anasema ni upepo mbaya. Jirani anashauri achanjwe kwa wembe. Baba anaona asubiriwe mpaka kesho. Wote wanampenda mtoto, lakini wanampotezea wakati. Katika hospitali zenye mashine ya kupiga picha za kichwa, watu wazima waliozibwa mshipa na bonge huweza kupewa dawa ya kuliyeyusha, lakini kwa kawaida ni ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili kuanza. Mtoto naye anahitaji daktari siku hiyo hiyo.

Basi mwambie mgonjwa atabasamu, ainue mikono yote miwili, kisha aseme sentensi moja. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukishuka, au ulimi ukiwa mzito, mpeleke hospitali mara moja. Kumbuka ni saa ngapi alionekana mzima kwa mara ya mwisho, nawe umweleze daktari, pamoja na homa yoyote ya karibuni. Usimpe chakula wala maji, kwani huweza kumpalia. Usimpe aspirini, kwa kuwa kiharusi kingine hutokana na mshipa uliopasuka, na dawa hiyo huzidisha kutoka damu. Aidha, mtoto mwenye mafua au tetekuwanga asipewe aspirini kabisa, maana huweza kumletea madhara makubwa ya ini na ubongo.

Kinga nayo ipo. Mwenye homa anywe maji mara kwa mara, na akipata nafuu anyooshe miguu. Anayetumia dawa za shinikizo au za UKIMWI asiziache kwa sababu ya homa. Chanjo za mafua, korona na tetekuwanga zikipatikana, tuziulizie kituoni.

Na siku mdomo wa ndugu yako utakapokwenda upande, usiulize ni nani aliyemroga. Uliza imeanza saa ngapi, kisha utafute gari.