KIKULACHO KI NGUONI MWAKO: Nani anakula barua pepe zako?

Mwenzako anaapa barua pepe kakutumia tangu Jumatatu. Wewe unaapa hujaiona. Yeye anakuona mwongo, wewe unamwona tapeli, na urafiki wa miaka kumi unaanza kuchacha. Kumbe wote wawili mnasema kweli! Barua ilitumwa, ikafika, ikapokelewa, halafu ikaliwa. Aliyeila si mchawi. Ni karani uliyemwajiri mwenyewe, tena kwa mkono wako.

Msomaji, leo tunazungumza na wale ndugu zetu wanaosoma barua pepe kwenye dirisha jeusi la maandishi matupu: hakuna picha, hakuna kipanya, ni herufi tu na vitufe. Lakini na wewe wa simu ya kiganjani usigeuze ukurasa. Kichujio cha barua kiko hata kwako, ila kwako kimefichwa.

Watu wa maandishi matupu bado wapo? Wapo, tena wengi: mafundi wa seva, walimu wa vyuo, waandishi wa programu. Wengine walianza na Pine ya Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, ambayo tangu mwaka 2007 imerithiwa na Alpine. Wengine wanatumia Mutt, programu aliyoianzisha Michael Elkins mwaka 1995. Neno mutt kwa Kiingereza ni mbwa koko, yaani mbwa asiye na ukoo. Usimdharau. Anakula kidogo na anaamka upesi. Ukiwa Songea na mtandao unasuasua, unaweza kuingia kwenye seva iliyoko Dar ukasoma barua zako zote, maana kinachosafiri ni herufi tu.

Raha hiyo ina gharama yake. Kwenye simu kazi yote inafanywa na mtu mmoja usiyemwona. Huku kwenye maandishi kazi imegawanywa kwa wafanyakazi watatu, na barua ikipotea kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

WATATU HAO NI AKINA NANI?

Fikiria sanduku la posta. Wa kwanza ni tarishi, anayekwenda posta kuchukua barua na kuzileta nyumbani. Kwa wengi tarishi huyu anaitwa fetchmail. Wa pili ni karani wa kupanga barua: hii ya ofisini, hii ya shemeji, hii takataka. Karani maarufu anaitwa procmail. Wa tatu ni msomaji, ambaye ndiye Mutt. Yeye haleti wala hapangi. Anafungua folda alizoambiwa azifungue, basi.

Sasa kosa la watu ni moja. Barua haionekani, wanamrukia Mutt, wanafuta mipangilio yake yote, wanaanza upya usiku kucha. Mutt hana hatia! Hawezi kukuonyesha kitu ambacho hakijafika mezani kwake. Dawa ni kuuliza kwa zamu: nani aliishika barua hii mara ya mwisho?

ANZA NA TARISHI

Fungua sanduku lako moja kwa moja kule lilikohifadhiwa, kwa njia ya kawaida ya intaneti. Barua bado iko huko? Basi tarishi hajaichukua. Andika fetchmail -v akueleze kila neno analosemezana na seva. Mara nyingi utamkuta amekataliwa mlangoni kwa sababu ya nywila. Wenye akaunti za Gmail wanalijua hili: tarehe 30 Mei 2022 Google ilianza kufunga mlango kwa programu zinazokuja na jina na nywila ya kawaida peke yake. Siku hizi unatakiwa uwe na nywila maalumu ya programu, au ule utaratibu mpya wa kibali. Ambaye hakubadilisha, tarishi wake alirudi mikono mitupu.

Ukiwa bado unajaribu mambo, mwekee tarishi neno keep kwenye maagizo yake. Bila neno hilo, kwa kawaida akishaleta barua nyumbani anaifuta kule ilikotoka. Karani akiiharibu, hakuna nakala. Hapo utalia na nani?

KARANI NDIYE MWENYE KESI

Ikiwa tarishi ameileta, mshike karani shati. Procmail anafuata maagizo yaliyo kwenye faili liitwalo .procmailrc, na anayasoma kuanzia juu kwenda chini. Agizo la kwanza linaloikubali barua ndilo linaloichukua, na safari inaishia hapo. Mengine ya chini hayaulizwi.

Tuchukue mfano. Umechoshwa na barua za kitapeli za "umeshinda mamilioni", zile zenye neno win. Kwa hasira unamwambia karani: yenye win tupa. Unaandika * win, na chini yake /dev/null, ambalo ni shimo lisilo na mwisho. Kinachoingia humo hakirudi.

Sasa sikiliza kasheshe. Karani huyu hajui neno, anajua herufi. Tena kwa kawaida hatofautishi herufi kubwa na ndogo. Basi Godwin anakuandikia, karani anaona win, shimoni! Mzee Mwinyi anakualika kwenye harusi ya bintiye, shimoni! Mwinjilisti anaulizia michango ya kwaya, shimoni! Na kubwa kuliko yote: usipomtajia sehemu, karani hupekua kichwa chote cha barua, hata mistari ambayo wewe huioni. Barua nyingi za maofisini zimebeba humo maneno windows-1252, ambayo ni aina tu ya herufi zilizotumika. Kwa hiyo barua ya kukuita kwenye usaili, uliyoisubiri miezi mitatu, inatupwa kwa sababu mwandishi alitumia kompyuta ya kawaida. Nafasi inakwenda kwa mwingine, wewe unalaumu mkono wa mtu.

Msidhani hayo ni ya wanaojifunza. Mwaka 1996 kampuni kubwa ya AOL iliwazuia wakazi wa mji wa Scunthorpe, Uingereza, kufungua akaunti. Kosa lao? Ndani ya jina la mji wao zimejificha herufi nne ambazo, zikisimama peke yake, ni tusi la nguoni. Mji mzima ulihukumiwa kwa herufi nne!

Dawa ipo. Agizo liandikwe hivi: * ^Subject:.*\<win\> ili karani atazame mstari wa kichwa cha habari pekee, na neno lisimame lenyewe. Watu wako wa muhimu, yaani ofisi, familia na shule ya watoto, waandikie maagizo yao juu kabisa, kabla ya maagizo ya kutupa. Na /dev/null usiitumie. Tengeneza folda ya takataka, uipekue kila Ijumaa.

SHAHIDI WAKO NI DAFTARI

Karani hawezi kukataa mashtaka akiwa na daftari. Kwenye maagizo yake weka LOGFILE na jina la faili, kisha VERBOSE=yes. Kuanzia hapo kila barua itaandikwa: imetoka kwa nani, inahusu nini, imewekwa folda gani. Zaidi ya hapo ataandika ni agizo lipi limekubali na lipi limekataa. Hata iliyotupwa shimoni itatajwa humo, ingawa yenyewe hairudi.

Kama daftari ni tupu kabisa, basi karani hakuitwa kazini, au hakuyasoma maagizo yako. Angalia ruhusa za faili la maagizo. Likiwa linaweza kuandikwa na watu wengine, procmail hulitilia shaka na kugoma kulitumia. Anafanya vizuri: ungependa jirani akuandikie karani wako maagizo?

Na kuna mkwaju mmoja ambao umewatoa watu jasho. Folda ya mtindo wa maildir lazima jina lake limalizike kwa mkwaju, mfano ofisini/. Ukisahau, procmail bado ataiweka barua humo, lakini kama faili pweke ambalo Mutt halitambui. Barua iko ndani ya nyumba, chini ya kitanda, nawe unaitafuta barabarani.

MWISHO MUULIZE MBWA KOKO

Daftari likisema barua imewekwa salama, sasa ndiyo zamu ya Mutt. Mambo ni matatu. Kwanza, yeye hutangaza barua mpya kwenye folda zilizotajwa kwa neno mailboxes ndani ya faili la .muttrc. Folda usiyoitaja hatakubwekea. Pili, huenda ulibonyeza l ukabana orodha jana, ukasahau. Bonyeza l tena, andika all, barua zote zitarudi.

Tatu ni la ujanja zaidi. Kwa folda za mtindo wa zamani wa mbox, Mutt hulinganisha saa mbili: faili liliandikwa lini, na lilisomwa lini. Likiandikwa baada ya kusomwa, anajua kuna mgeni. Lakini programu ya kutunza nakala ikipita usiku na kulisoma faili hilo, saa zinageuka, na mbwa ananyamaza. Washa check_mbox_size, au hamia maildir.

KARANI AMEZEEKA

Jambo la mwisho ni la kufikiria kabla hujalala. Procmail ilitoa toleo la 3.22 mwaka 2001, ikakaa kimya zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2014 Philip Guenther, aliyekuwa akiitunza, alishauri wenzake wa OpenBSD waiondoe. Mwandishi wake wa mwanzo, Stephen van den Berg, alirudi akaishika tena, na toleo la 3.24 likatoka mwaka 2022. Anayeanza leo ni afadhali ajifunze Sieve, lugha ya maagizo inayosomeka kirahisi na inayofanya kazi kwenye seva nyingi.

Lakini hata ukibadilisha karani, sheria ni ileile. Usimpe mtu kazi ya kutupa vitu vyako kabla hujamwona akivipanga. Juu ya maagizo yote muweke agizo la nakala: :0 c: na chini yake jina la folda ya akiba. Kila barua itakayoingia itaachwa nakala humo kwanza. Mwache karani afanye kazi wiki mbili hivyo, huku unalinganisha folda ya akiba na daftari lake. Akionekana mwaminifu, ndipo umwachie funguo.

Na yule uliyemwita tapeli kwa barua ambayo "hakuituma"? Mpigie simu leo. Kumwomba radhi hakuhitaji intaneti.