Nyota ya Ncha Tatu: Habari za Motokaa ya Mercedes-Benz

Wasomaji wengi wameiona nyota ile. Husimama mbele, juu ya kichwa cha motokaa, nayo ina ncha tatu zilizozungushiwa duara. Mtoto asiyejua kusoma huitambua, na mzee aliyeketi barazani huuliza, "Nani amefika?" kabla hajamwona mtu aliye ndani. Hiyo ndiyo alama ya Mercedes-Benz, motokaa ya Wajerumani. Ni jambo la ajabu kwamba kipande kidogo cha chuma chaweza kumpatia mtu heshima kabla hajafungua mlango. Basi yafaa tuulize: heshima hiyo ilitoka wapi? Ni nani walioichuma? Na je, yanunulika pamoja na gari?

MWANA WA MJANE

Karl Benz alizaliwa mwaka 1844 karibu na mji wa Karlsruhe, katika Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi. Baba yake alikuwa dereva wa gari la moshi, akafa kabla mwana hajatimiza miaka miwili. Mama yake hakuwa na mali, lakini alijinyima ili mwanawe asome, naye akasoma hata akaingia chuo cha ufundi cha mji huo.

Mwaka 1871 Benz alifungua karakana katika mji wa Mannheim pamoja na mwenzake. Mwenzake hakuwa mtu wa kutegemewa, na kazi ikawa karibu kuanguka. Aliyeiokoa alikuwa mchumba wa Benz, jina lake Bertha Ringer. Kwa desturi ya Ulaya ya siku zile, baba wa msichana ndiye aliyetoa mali wakati wa arusi, si upande wa mume. Bertha aliomba apewe sehemu yake mapema, nayo ikatumika kumlipa yule mwenzake aondoke. Mwaka uliofuata, yaani 1872, wakaoana.

Miaka kumi na minne ikapita katika dhiki na majaribio. Hata tarehe 29 Januari 1886, Benz aliandikisha kwa serikali uvumbuzi wake mpya, akapewa hati nambari 37435. Ilikuwa hati ya gari liendalo kwa injini ya mafuta, bila farasi. Gari lenyewe lilikuwa na magurudumu matatu, nguvu zake hazikutimia za farasi mmoja, na mwendo wake ulikuwa kama maili 10 kwa saa. Mtu mwenye baiskeli nzuri angaliweza kulipita. Walakini siku hizi hati ile huhesabiwa kuwa cheti cha kuzaliwa cha motokaa.

SAFARI YA BIBI BERTHA

Wahenga walisema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Lakini kizuri hiki hakikujiuza. Watu wa Mannheim walilitazama gari lile, wakastaajabu, wakarudi kwao na farasi wao. Benz mwenyewe alikuwa mtu wa kutengeneza na kutengeneza tena, asiyeridhika wala asiyethubutu kulipeleka mbali na karakana yake.

Basi siku moja ya mwezi wa Agosti, mwaka 1888, Bibi Bertha aliamka alfajiri mumewe angali amelala, akawachukua wanawe wawili, Eugen na Richard, vijana wa miaka kumi na kitu, wakalisukuma gari nje polepole. Walipofika mahali ambapo sauti isingemwamsha mwenye nyumba, wakaliwasha. Nia yake ilikuwa kwenda Pforzheim kwa mama yake, mwendo wa maili 65 hivi. Mpaka siku hiyo hapakuwa na mtu aliyesafiri mbali hivyo kwa motokaa.

Njia ilikuwa ya mikokoteni, wala hapakuwa na mahali pa kuuza petroli. Mafuta yalipopungua, walisimama katika mji mdogo wa Wiesloch, wakanunua kwa muuza dawa mafuta ya kusafishia madoa, ambayo injini ile iliweza kuyatumia. Maji ya kupoza injini waliyateka visimani na mitoni. Mrija wa mafuta ulipoziba, Bibi Bertha alichomoa pini ndefu ya kofia yake, akauzibua. Waya wa umeme ulipokwanguka, aliukinga kwa ukanda wa soksi yake. Breki, ambazo zilikuwa vipande vya mbao, zilipoanza kulika, alimwita fundi viatu azipigilie ngozi. Na penye vilima, vijana walishuka wakasukuma.

Jioni walifika Pforzheim wenye vumbi na uchovu, akampelekea mumewe simu ya kumjulisha. Baada ya siku chache wakarudi kwa gari lile lile. Bibi Bertha hakurudi na hadithi tu, alirudi na taarifa ya kazi: vilima vyataka gia nyingine ndogo, na breki zataka ngozi. Benz akayafanya. Tangu siku hiyo watu wakajua kwamba gari lile si mchezo wa fundi bali ni chombo cha safari. Hivyo heshima ya kwanza ya motokaa hii ilichumwa na mama wa nyumbani, njiani, kwa mikono yenye mafuta.

MTOTO ALIYETOA JINA

Wakati huo huo, mwendo wa maili 60 hivi kutoka Mannheim, mwana wa mwoka mikate aitwaye Gottlieb Daimler alikuwa akifanya kazi kama ile ile pamoja na rafiki yake Wilhelm Maybach, aliyekuwa yatima. Karakana yao ilikuwa kibanda cha bustani huko Cannstatt, karibu na Stuttgart. Walifanya kazi kwa siri usiku na mchana, hata yasimuliwa kwamba mtunza bustani aliwashuku kuwa watengeneza fedha bandia, akaleta polisi. Polisi waliona vyuma na injini tu. Mwaka 1886 wao pia walitia injini katika gari la magurudumu manne. Daimler na Benz walikuwa kama majirani, lakini hawakupata kuwa marafiki. Kila mmoja alishika njia yake.

Jina la Mercedes lilitoka kwa mtu mwingine kabisa. Palikuwa na tajiri mmoja, Emil Jellinek, aliyekaa Nice katika Ufaransa na kuwauzia matajiri wenzake motokaa za Daimler. Alipenda mashindano, na katika mashindano alijiita kwa jina la binti yake, Mercédès, aliyezaliwa mwaka 1889. Ni jina la Kispania, nalo lina maana ya rehema.

Mwaka 1900 dereva mmoja wa Daimler, Wilhelm Bauer, alikufa katika mashindano ya kupanda mlima karibu na Nice. Motokaa za siku zile zilikuwa fupi, ndefu kwenda juu na nzito, rahisi kupinduka. Jellinek hakukubali kuziacha, bali aliagiza motokaa 36 kwa mkupuo mmoja, kwa masharti: ziwe ndefu zaidi, ziinamie chini, ziwe nyepesi zenye nguvu nyingi, na ziitwe kwa jina la binti yake. Maybach aliichora motokaa hiyo, yenye nguvu za farasi 35. Mwezi wa Machi 1901, katika mashindano ya Nice, iliwashinda wote. Hata leo motokaa zetu zina umbo lililoanzia hapo: injini mbele, mwili mrefu ulioinama, na usukani ulioegemea nyuma. Mwaka 1902 jina la Mercedes likaandikishwa kuwa alama ya biashara.

Daimler hakuiona sifa hiyo, kwa kuwa alikufa mwaka 1900. Lakini wanawe walikumbuka kwamba zamani baba yao alipeleka kwa mama yao kadi yenye picha ya mji, akachora nyota juu ya nyumba aliyokaa. Nyota ile ikaandikishwa mwaka 1909, na ncha zake tatu zikawa ishara ya injini za nchi kavu, za majini na za angani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza fedha ya Ujerumani ilianguka hata ikawa kama makaratasi matupu, na wanunuzi wakapungua sana. Washindani wale wawili wakaona afadhali kuungana kuliko kufa kila mmoja peke yake. Mwezi wa Juni 1926 wakawa kampuni moja ya Daimler-Benz, na nyota ya mmoja ikazungushiwa majani ya ushindi ya mwenzake.

DOA LISILOFICHIKA

Mwenye kusimulia sifa na asisimulie aibu ni mpiga debe tu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda hivyo vilitengeneza malori na injini za ndege za vita. Kufikia mwaka 1944 karibu nusu ya waliofanya kazi humo hawakuja kwa hiari yao: walikuwa raia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, mateka wa vita, na wafungwa wa kambi za mateso. Kampuni yenyewe imekiri habari hizo. Basi nyota ile ile iliyomjulisha ulimwengu ufundi wa yatima na mjane ilipata kung'aa juu ya machozi ya watu.

Tena tarehe 11 Juni 1955, katika mashindano ya Le Mans huko Ufaransa, motokaa moja ya kampuni hiyo iliruka ikaangukia watazamaji. Watu zaidi ya 80 walikufa. Mwisho wa mwaka huo kampuni ilijitoa katika mashindano makubwa, isirudi kwa miaka mingi.

KWA NINI WATU WANAIPENDA

Yako mambo mawili yaliyoifanya motokaa hii ipendwe na watu wasio matajiri pia. La kwanza ni kudumu. Mwaka 1936 kampuni ilitoa 260 D, motokaa ya abiria yenye injini ya dizeli, ambayo madereva wa teksi waliipenda kwa kuwa haikula mafuta mengi. Wajukuu zake walifuata nyayo hizo. Dereva mmoja wa teksi katika Ugiriki aliendesha 240 D ya mwaka 1976 hata ikatimiza zaidi ya maili milioni 2, kisha mwaka 2004 akaitoa iwekwe katika nyumba ya makumbusho ya kampuni.

La pili ni kuhifadhi roho za watu. Mhandisi Béla Barényi aliwaza kinyume cha wenziwe. Wao waliona kwamba motokaa imara ni ile isiyobonyea kamwe. Yeye alisema mbele na nyuma ziache zibonyee, zimeze kishindo, bali chumba cha abiria kisibonyee. Kampuni ilianza kuuza motokaa zilizoundwa hivyo mwaka 1959, na siku hizi karibu kila kampuni imefuata shauri hilo.

Hata barabara zetu zimeipima. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, yakapita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, juu ya vumbi na matope ya masika, kwa magari ya namna iliyouzwa madukani. Mwaka 1959 na mwaka 1960 mshindi alikuwa Bill Fritschy kwa Mercedes-Benz 219, na mwaka 1961 John Manussis kwa 220 SE. Miaka mitatu mfululizo! Mtu aliyeona magari mangapi yalikwama njiani hakuhitaji kuambiwa na muuza magari.

KABILA JIPYA

Baada ya Uhuru, watu wa Afrika Mashariki walizua neno lao wenyewe: Wabenzi. Walilitia kiambishi kile kile cha Wakamba na Wanyamwezi, kana kwamba limezaliwa kabila jipya, lisilo na kijiji wala jando wala lugha, bali lina gari tu. Neno hilo lilikuwa mzaha, lakini lilikuwa na uchungu ndani yake. Aliyekuwa akitembea kwa miguu kwenda sokoni alijua kwamba aliyempita na kumrushia vumbi hakulinunua gari lile kwa jasho lake, bali kwa kodi ya yule aliyerushiwa vumbi. Katika Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Na katika Kenya, mwaka 2009, serikali iliwaagiza mawaziri warudishe magari yao makubwa, wapewe Volkswagen Passat. Watu wengi waliikumbuka nyota ile siku hiyo.

Kosa si la motokaa. Motokaa ni chombo, kama jembe. Mkulima ajua kwamba jembe zuri lililotundikwa ukutani halimpatii mtu mavuno, na karani ajua kwamba kalamu ya dhahabu haimpatii mtu mwandiko mzuri. Heshima ya nyota ile ilichumwa na mjane aliyejinyima, na yatima aliyechora, na mama aliyezibua mrija kwa pini ya kofia, na dereva wa teksi aliyetunza injini yake miaka na miaka. Watu hao hawakuitafuta heshima. Waliitafuta kazi njema, na heshima ikawafuata.

Anayelinunua gari hilo kwa fedha yake ya halali amepata chombo kizuri, na tumpongeze. Lakini heshima haimo katika hati ya mauzo. Mtu akishuka katika gari, na mlango ukafungwa nyuma yake, yuko peke yake na matendo yake, kama sisi sote tuendao kwa miguu.