Ndoana Tumboni, Kidudu Damuni

Mbwa auguapo katika nyumba za Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, aghalabu hukumu hutangulia ushahidi: jirani mmoja ataapa kwamba amelishwa sumu ya karuho na mwenye husuda, wa pili atasema ni minyoo tu, wa tatu atamtafutia vile vidonge vya antibiotiki vilivyobakishwa na mtoto wake, na mnyama mwenyewe, ambaye Mola hakumjalia ulimi wa kukiri wala wa kukana, hulala chini ya mwembe akihema, akingoja atakayewahi kumtendea lile aliloazimu. Kazi yetu sisi ambao huku huitwa maveterineri ni kuirudisha kesi hiyo katika utaratibu wake, nao utaratibu huo hauanzi kwenye mashine.

Huanzia mlangoni. Jinsi mbwa anavyokanyaga, jinsi anavyobeba shingo, upande anaoulalia na ule anaoukwepa, yote haya ni maneno kwa mwenye kuyasoma. Kisha mdomo hufunuliwa, ufizi ukatazamwa, ambao kwa mbwa mzima huwa na rangi ya waridi, na ukibonyezwa kwa kidole hupauka kisha hurudiwa na rangi yake kabla ya sekunde 2 kwisha. Kipimajoto, kinachotiwa njia ya haja kubwa, husoma kwa mbwa asiye na maradhi baina ya digrii 38 na 39 na nukta chache, hivyo yule ampapasaye mbwa wake kwa kiganja akatangaza kuwa ana homa, kwa sababu tu amemwona ana joto kumshinda yeye, huenda akawa anaisingizia afya.

Namkumbuka jike mmoja wa rangi ya mchanga, aliyeletwa ndani ya kapu lililofungwa nyuma ya baiskeli, hali hawezi kuinua kichwa. Mwenye mbwa alikwisha kata shauri kuwa ni sumu. Ufizi ulikuwa mweupe kama chokaa, na mkojo aliouachia mezani ulikuwa na rangi ya kahawa isiyotiwa maziwa. Nilimchoma ncha ya sikio, tone la kwanza nikalipokea juu ya kioo, nikalikokota kwa ukingo wa kioo cha pili hata likawa utando mwembamba. Nikaukausha kwa kuupepea, nikauosha kwa methanoli, nikaulaza ndani ya rangi ya Giemsa kwa karibu nusu saa, muda ambao bwana yule aliupitisha akinihesabia adui zake. Chini ya hadubini, kwa ukuzaji wa mara 1,000, adui alidhihiri: ndani ya chembe nyekundu viliketi vidudu viwili viwili vya zambarau, mfano wa matone mawili ya maji yaliyogusana ncha. Ndiyo babesia, nayo huletwa na kupe, wala si na jirani.

Rangi hiyo ina nasaba na pande zetu. Gustav Giemsa, mkemia wa Hamburg, alitumikia kwanza ufamasia katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi baina ya 1895 na 1898, na mwaka 1904 akautangaza mchanganyiko ambao hadi leo ndio tegemeo la kila maabara ndogo. Na katika mwaka huohuo wa 1904, mjini Léopoldville, Alphonse Broden alikibainisha kimelea cha nagana, yaani malale ya wanyama, ambacho hubeba jina la nchi yetu, Trypanosoma congolense, kienezwacho na mbung'o. Walakini msomaji asidhani kwamba kioo kisichoonyesha kitu kimemwachia mgonjwa huru. Vimelea vya nagana huadimika damuni siku moja na kujaa siku nyingine, ndiyo maana damu huzungushwa kwa kasi ndani ya kijirija chembamba ili vikusanyike mahali pamoja, na kipimo hurudiwa. “Hakuonekana” si sawa na “hayumo”, na tabibu asiyetofautisha maneno haya mawili ni hatari kuliko asiyekuwa na hadubini kabisa.

Picha nazo zina mlango wake. Huku eksirei tunaiita radio, kama Wafaransa walivyotufunza, hata mgeni akadhani twampeleka mbwa kusikiliza habari. Miali ile, aliyoigundua Röntgen mwaka 1895, hupenya nyama na kuzuiwa na mfupa, na chuma huizuia zaidi, kwa hiyo ndoana hung'aa katika picha kama hilali. Nami naitaja ndoana kwa sababu: mbwa wa ufukweni hula vichwa vya migebuka na matumbo ya samaki yaliyotupwa, na mara nyingine humeza na chambo na uzi wake. Mwenye mbwa, aonapo uzi unaning'inia mdomoni, huuvuta. Na avutapo, ndoana ambayo pengine ingepita au ingetolewa kwa salama huzama katika koo. Usiuvute, wala usiukate karibu na meno, maana ndio utakaotuongoza. Picha zenyewe sharti ziwe mbili, moja ya ubavuni na moja ya kutoka juu, kwani picha moja humlaza kila kiungo juu ya mwenziwe, na ndoana iliyo nje, imenasa katika manyoya, huweza kuonekana kana kwamba imo tumboni.

Ekografi ni mambo mengine: yenyewe hutuma sauti isiyosikika na kusoma mwangwi wake, haipiti penye hewa wala mfupa, hivyo kwa pafu lenye pumzi haifai sana, ilhali kwa ini, kibofu na mimba haina mfano. Baada ya siku 25 hivi za mimba moyo wa kitoto huonekana ukipepesa. Lakini mwenye kutaka idadi ya watoto na angoje radio, baada ya siku 55, mifupa ikiwa imekomaa, kwa kuwa ekografi huhesabu vibaya.

Mashine hizi ni nadra kwetu, na umeme una tabia zake. Lau mfadhili angeniuliza cha kuletea Uvira, ningemwomba kwanza hadubini iliyo njema, betri ya jua na kijana aliyefunzwa kuketi mbele yake, kisha ndipo tuongee habari za vioo vinavyong'aa.

Uko ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao hauna kipimo cha kutegemewa kwa mnyama aliye hai, nao ni kichaa cha mbwa. Ithibati yake imo ubongoni, na hupatikana baada ya kufa, kwa kipande kinachotiwa kingamwili zing'aazo na kutazamwa kwa hadubini ya namna yake. Mbwa aliyemuuma mtu, ikiwa anashikika bila hatari, hufungiwa na kuangaliwa kwa siku 10. Akibaki mzima, hakuwa na ugonjwa huo mateni mwake siku ile ya kuuma. Mtu aliyeumwa hangoji siku hizo: huosha jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo kutafuta chanjo. Na ikiwa hapana budi mbwa yule auawe, nawasihi vijana wa mitaa yetu, ambao silaha yao ya kwanza ni jiwe la utosini: msimponde kichwa, kwani humo ndimo ulimo ushahidi wote.