Siku Njema bila mtihani

Shuleni Mombasa, Siku Njema ya Ken Walibora ilikuwa kazi tu: taja methali, fafanua wasifu wa Kongowea, funga kitabu. Baba alikuwa tayari huku Guangzhou na biashara ya nguo, namjua kwa sauti ya simu kuliko sura. Swali hilo halikuwemo kwenye mtihani.

Mwaka huu nimekisoma tena, kwenye metro laini ya 5, nikirudi Xiaobei kutoka kazini. Jamani! Kijana mama kafariki, anatoka Tanga mpaka Kitale kumtafuta baba asiyemjua. Riwaya ya 1996 hiyo, na simu sikuishika njia nzima.

Halafu ile lugha. Methali tulizokuwa tunazihesabu kwa ajili ya alama, sasa nazisoma kwa sauti, maana Kiswahili chetu cha hapa, si mnakijua, ni cha bei na mizigo.

Nikampelekea baba dukani, nikamsomea sura ya kwanza. Akanyamaza. Kisha: "Huyo mtoto alimpata babake?"

Nikamwambia, subiri baba. Tuko sura ya tatu, kila Jumapili, akishafunga duka.